Tuliambiwa Tutazame Mawingu Tu

Kabla ya yote mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Nyakahura, kando ya barabara, kwenye gulio. Shule niliishia kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini, nawaambia mwalimu wa hesabu na mimi tuliachana kwa amani.

Siku ninayotaka kuanza nayo ilikuwa ya gulio kama nyingine. Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika, ikatuachia matope. Nilikuwa nimepindua baiskeli ya mteja, nakaza spoku, mara nikaona mwavuli wa bluu unakuja katikati ya watu. Mwavuli ule niliufahamu. Ulikuwa wa mama mkwe wangu, Bibi Veneranda.

Kwetu huku mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hamli pamoja, hamsalimiani uso kwa uso, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Kwa kuwa mzee ni yeye, wa kuingia porini ni wewe. Sasa pale gulioni pori lilikuwa wapi? Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu.

"Fundi," mteja akasema, "unajificha nyuma ya spoku?"

"Zinatosha. Heshima ni nia."

Mwavuli ukapita. Nyuma yake akaja shemeji yangu Feresiani, kaka wa mke wangu Consolata, anasukuma baiskeli yake iliyopinda gurudumu. Wakwe zangu walikuja Tanzania na wakimbizi wa zamani, wakapewa ardhi, wakalima, wakawa watu wa hapa. Ila Feresiani alivuka tena mto Kagera akaoa ng'ambo, akajenga huko. Alikuwa amekuja kumsalimia mama yake.

"Shemeji," akasema, "mama amekuona. Anasema mwili wote huo haufichwi na gurudumu, labda la trekta."

"Mwambie nimemheshimu kwa uwezo wangu."

"Huo uwezo wako ndio unaomaliza ugali wa dada yangu."

Nikamnyooshea gurudumu huku tunataniana. Nikamwambia akae hadi gulio lijalo. Akasema hawezi, maharage yametoa maua na mke yuko peke yake na watoto. Akapanda, akaondoka na barabara ya Ngara, anapiga kengele bila sababu yoyote, kama kawaida yake.

Halafu kule ng'ambo kukaharibika. Sitaeleza kwa nini. Wapo waliosoma hadi mwisho, wataeleza wao. Mimi naeleza nilichokiona, na nilikiona kutoka mahali ambapo fundi baiskeli hana shughuli napo, yaani kutoka juu.

Watu walivuka daraja la Rusumo hadi barabara ikakosa pa kukanyaga. Vilima vya Ngara vilivyokuwa vya ng'ombe vikawa vya turubai. Miti ikaisha, ikawa kuni. Moshi wa majiko ulikaa bondeni kila asubuhi kama blanketi chafu. Kwenye foleni moja ya unga alisimama aliyekimbia na aliyemkimbiza, na mgawaji anawauliza wote wawili swali moja: mko wangapi kwenye familia.

Consolata na mimi tulikwenda kule kambini. Tulizunguka turubai hadi turubai tukiuliza Feresiani, mrefu, ana pengo la jino la juu, anapenda kengele. Hakuna aliyemjua. Mmoja alisema labda amekwenda upande wa Burundi. Mwingine alituangalia tu, akarudi ndani.

Ndipo wakaja wanajeshi wa nchi moja ya mbali. Hawakuja kupigana, walikuja na ndege. Ndege kubwa zilikuwa zinatoka ng'ambo ya ziwa Nyanza na dawa na unga, na kabla hazijaondoka, ndege ndogo ilitangulia kutazama hali ya hewa. Iliruka asubuhi kutoka kiwanja cha Ngara, ikapita juu ya Biharamulo, ikaingia ziwani, ikakata kaskazini hadi karibu na Kagera inapomwaga maji yake, kisha ikarudi. Ikisema hewa mbaya, unga hauji. Ikisema nzuri, unga unakuja. Watu waliiita ndege ya mawingu.

Mimi nilipata kibarua pale kiwanjani cha kubeba mizigo. Na jinsi nilivyopanda ndege si kwa akili. Ndege ile ilihitaji uzito nyuma ili ikae sawa, kwa hiyo waliweka gunia la mahindi. Watu wenye njaa wakalichukua, na siwalaumu. Asubuhi hiyo Kapteni, rubani wake, akatembea mbele yetu wabebaji anatutazama viuno kama mnunuzi wa ng'ombe. Alizaliwa misheni moja ya Kongo, Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Weye," akaniambia, "uko na kilo ngapi?"

"Mzani wa zahanati ulikataa kusema, Kapteni."

"Unaogopaka ndege?"

"Sijui. Hatujawahi kukutana."

Akacheka. Basi, nikachukua kazi ya gunia, na jina pia likawa hilo. Pale kiwanjani nilikuwa Gunia, na hadi leo ukienda Ngara ukauliza Gunia wapo watakaokuonyesha kwangu.

Tulikuwa watatu. Kapteni kushoto, mtu wa redio kulia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "asante" peke yake, na mimi nyuma. Baadaye Kapteni akanipa kazi ya pili, kutazama dirisha la kulia na kumwambia mawingu ya upande ule yakoje. Nilimwambia kwa lugha yangu: hili kama pamba, hili kama jivu, lile limesimama kama mlima na chini jeusi. Yeye akitafsiri, mtu wa redio anatuma.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Kikosi kile kwao kilikuwa cha bahari. Kazi yao ilikuwa kuruka juu ya bahari kuu kutafuta dhoruba, ili meli zao na ndege zao za vita zijue pa kupita. Walipoletwa kwetu walikuja na kanuni zao za baharini, hawakubadilisha hata nukta. Kila asubuhi kabla ya kuruka nilivishwa jaketi la kuelea, nikapewa filimbi na pakiti ya dawa ya kufukuza papa.

"Kapteni, Nyanza haina papa."

"Kanuni inasema dawa ya papa."

"Ya mamba iko?"

"Ya mamba haiko."

Nikaiweka mfukoni. Nilikuwa mtu wa Nyakahura aliyekingwa vizuri dhidi ya papa kuliko mwingine yeyote wilayani. Na kanuni nyingine ya baharini ilisema kila siku ndege ishuke chini karibu na maji, ipime kwa macho urefu wa mawimbi. Hiyo niliicheka pia, kwa muda.

Mwanzoni nilifurahi, siwezi kudanganya. Mara ya kwanza ziwa lilipofunguka mbele yetu nilidhani tumefika mbinguni na mimi sijaungama. Maji mpaka mwisho wa macho. Nikirudi gulioni jioni natembea kama waziri.

Habari zilimfikia Bibi Veneranda. Akaja kwangu kutoka Nyabusozi alikoishi, akakaa nje ya ua wa matete, mimi ndani, Consolata katikati yetu mlangoni. Ndivyo tulivyozungumza miaka yote.

"Consolata, mwulize mumeo kama ni kweli anapanda."

"Anasema ni kweli, mama," Consolata akajibu, ingawa mimi nilikuwa sijasema kitu.

"Mwulize kama ameuona mji wa Feresiani. Una nyumba yenye paa la mategura mekundu, vigae vya udongo, na mwavokado mkubwa nyuma."

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti, "ndege yetu haivuki mto. Ni ya mawingu tu. Tumekatazwa hata kuukaribia kule mpakani."

"Mwambie mkwe wangu sijamwomba avuke. Nimemwomba atazame. Shingo anayo."

Consolata akaniangalia. "Baba Adela, leo usitanie. Amekwisha kusikia maneno barabarani."

Maneno yenyewe nilikuwa nimeyasikia na mimi. Waliovuka Rusumo walisema mto unabeba watu. Nyakahura tulisema wametishika, wanaongeza. Nani angeweza kuamini. Nikamwambia Bibi Veneranda nitatazama.

Asubuhi moja baada ya hapo tulifika kaskazini, hewa imetulia kabisa. Kagera inapoingia ziwani maji yake huwa ya udongo, yanatengeneza ulimi wa kahawia ndani ya bluu. Juu ya ulimi ule nikaona vitu vyeusi vingi vinaelea. Mafunjo, nikajua. Mto ule kila mvua hukata mafunjo ya kingoni ukayapeleka ziwani, vipande vikubwa kama viraka vya shamba.

"Kuume uko naona nini, Gunia?"

"Mafunjo, Kapteni. Na mawingu ya pamba, mbali."

Akashuka kupima mawimbi.

Hayakuwa mafunjo.

Mafunjo hayavai nguo.

Niliona gauni la maua limejaa hewa. Niliona wawili wamefungwa pamoja. Niliona mgongo wa mtu mdogo. Nikatafuta mrefu, nikatafuta pengo la jino, mjinga mimi, kutoka juu vile.

Ndege ikapanda. Mtu wa redio akaanza kusoma. Lugha yake sikuijua, lakini Kapteni alikuwa amenieleza maneno yale, na niliyasikia kila siku hadi nikayakariri: mawingu machache, macho yanafika mbali, upepo mdogo, mawimbi madogo. Akamaliza, akazima.

"Kapteni, umewaambia?"

"Naambia nini?"

"Watu. Majini."

 Shingo yake kwa nyuma ilikuwa nyekundu.

"Hiyo haiko hali ya hewa, Gunia."

"Iko nini?"

"Iko kazi ya watu wengine."

Mpaka leo nikilisikia neno hilo, ofisini, zahanati, popote, vidole vinajikunja vyenyewe. Kazi ya wengine. Wengine gani? Pale juu tulikuwa sisi watatu. Kama kulikuwa na wengine, basi wao walikuwa chini, na walikuwa wanaelea.

Tulirudi tena kesho yake, na siku zilizofuata. Kila tukishuka kupima mawimbi nikaona, kila tukipanda nikasikia: mawimbi madogo. Siku moja nikasikia neno jipya redioni, na Kapteni akanieleza bila kuulizwa, labda alitaka kunifurahisha. Walikuwa wameripoti ndege wa porini. Korongo na tai walikuwa wameongezeka sana pale mdomoni mwa mto, wanaweza kuingia kwenye injini za ndege kubwa. Ni hatari, akasema, lazima iripotiwe.

"Na wanachokula?" nikauliza.

Akageukia usukani wake. Alikuwa mtu mpole, nisimsingizie. Alinipa biskuti zake kila siku. Ila siku ile biskuti yake niliirusha dirishani, na mimi kurusha chakula si tabia yangu, unaniona nilivyo.

Kisha ikaja siku ya dhoruba.

Tulikuwa tumemaliza ziwa, tunarudi. Biharamulo yote ikajifunga. Wingu moja limesimama kutoka chini hadi juu, jeusi kama sufuria ya msibani, na umeme unatembea ndani yake. Kapteni akajaribu kulizunguka kusini, likamfunga. Akatazama mafuta. Akasema neno la kwao.

Njia iliyobaki ilikuwa kuufuata mto wenyewe, Kagera, kwa chini, hadi Rusumo, ambayo ni jirani na Ngara. Tukaufuata.

Upande wetu vilima vya Karagwe. Upande wa pili ng'ambo, kwa akina Feresiani.

Nilitazama. Shingo ninayo. Niliona nyumba zilizobaki kuta. Niliona shamba zima la maharage limekomaa, limekauka, halina mtu. Niliona ng'ombe wanazurura ndani ya kanisa lisilo na paa. Mategura mekundu niliyaona mengi, mengine yameanguka, mengine yapo. Miavokado iko kila mahali, nchi ile ilijaa miavokado. Mji wa Feresiani nikautafuta hadi macho yakaniuma.

Mto sitauelezea. Ulikuwa umejaa.

Mara nikasikia kitu kama mtu anapiga bati kwa jiwe.

Tena.

Kapteni akailaza ndege upande mmoja. Mimi nikaenda na upande huo, mimi na kilo zangu.

Kwenye ukingo, watu. Wanne au watano. Mmoja ana bunduki begani, anatufuata nayo taratibu, kama anayemwonyesha mwenzake kitu.

Tena.

Mwanga ukatokea kwenye bawa. Tundu dogo. Nikaona mawingu kupitia humo.

Tulikwenda hivyo hadi magurudumu yalipogusa kiwanja cha Ngara. Mtu wa redio alishuka akasimama chini ya bawa, akalitazama tundu. Mimi nilibaki ndani hadi walipokuja kunitoa, kama walivyozoea kulitoa gunia.

Sasa sikiliza lililonipandisha hasira ambayo hadi leo haijashuka.

Tundu lile lilikuwa dogo kama punje ya haragwe. Kabla ya saa ya chakula habari zake zilikuwa zimefika kwao, huko mbali walikotoka. Kesho yake ikaja ndege nyingine imebeba wakubwa. Meja mmoja na wenzake. Wakapanda ngazi, wakalipima tundu kwa rula. Wakalipiga picha kwa juu na kwa chini. Wakaniita na mimi, nikakalishwa kitini kwenye hema, nikapewa soda, Kapteni akatafsiri. Ulisikia nini? Sauti ilitoka wapi? Mtu mwenye bunduki alivaa nini? Rangi gani? Walitaka kila kitu. Walikuwa hodari, kweli. Sijawahi kuona watu wanaojua kuuliza kama wale.

Nikajibu yote. Kisha nikasubiri swali jingine. Wakafunga makabrasha yao.

"Kapteni," nikasema, "waambie sijamaliza."

"Gunia, inatosha."

"Waambie kwenye mto kuna watu. Kwenye ziwa kuna watu. Tumewaona kila siku tangu nianze kupanda. Waulize, matundu ya watu hao yatapigwa picha lini."

Kapteni akatafsiri kidogo. Najua alifupisha, maana maneno yangu yalikuwa mengi na yake yalikuwa matatu. Meja akanitazama, akasema kitu kwa upole. Upole ule ulinichoma kuliko tusi.

"Anasema anakusikitikia. Anasema sisi tuko watu wa hali ya hewa."

Nikasimama. Nilichosema baada ya hapo nilikisema kwa Kihangaza, kwa hiyo hakikutafsiriwa, na ni bora hivyo. Walinzi wakaja. Nikavuliwa jaketi pale pale, nikarudisha filimbi na dawa yao ya papa. Kesho yake nyuma ya ndege waliweka mifuko ya mchanga. Mchanga hauulizi.

Sikurudi gulioni siku hiyo. Nilikaa kwangu, mlango wazi, na Consolata hakuniuliza. Mimi ni mtu wa kuongea hata nikiwa usingizini, kwa hiyo alijua.

Bibi Veneranda alikuja. Nilisikia mwavuli unafungwa nje ya ua. Nikangoja aseme "Consolata, mwulize." Hakusema. Alipita mlangoni, akampita binti yake, akaja akasimama mbele yangu. Mimi nilitaka kuinuka nikimbie, ndivyo mwili ulivyofundishwa. Akaniwekea mkono begani, nikabaki.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona machoni. Yalikuwa ya Feresiani yale yale.

"Mkwe wangu," akasema, "kila mtu ananieleza alichosikia. Wewe nieleze ulichoona. Usinifiche kwa sababu mimi ni mzee, na usinitanie."

Nikamweleza. Mto, ziwa, gauni, mashamba, mategura. Nikamwambia mji wa Feresiani sikuutambua. Nikamwambia Feresiani sikumwona, na kwamba kutoka juu mtu hana sura.

"Kwa hiyo hujamwona amekufa."

"Sijamwona, mama."

"Na hujamwona mzima."

"Sijamwona."

Akakaa chini kwenye mkeka. Consolata akaanza kulia, yeye hakulia.

"Nitanawaje mikono?" akauliza.

Asiyejua nimweleze. Kwetu mkishazika mnarudi nyumbani, maji yanawekwa, wote mnanawa mikono, mnapewa rubisi, pombe ya ndizi. Kunawa ndiko kukubali kwamba mtu huyu amekwenda. Pasipo kuzika hakuna kunawa, na pasipo kunawa msiba unabaki umesimama mlangoni, hauingii wala hautoki.

Mvua zilipopungua tulikwenda ziwani, yeye, Consolata na mimi, kwa malori na kwa miguu, hadi kaskazini kabisa. Alikuwa amesikia watu wa huko wanawatoa watu majini na kuwazika. Ilikuwa kweli. Tulipelekwa kwa mama mmoja wa Kihaya, mkulima, Ma Adventina. Migomba yake ilishuka hadi karibu na maji. Katikati ya migomba kulikuwa na matuta. Mengi.

Bibi Veneranda akamsalimia, wakashikana mikono muda mrefu.

"Tulizika kadiri tulivyoweza," Ma Adventina akasema. "Vijana walivuta kwa kamba, sisi wanawake tukatafuta mashuka. Mashuka yakaisha, tukatumia majani ya migomba. Samaki hatuli."

"Serikali iliwasaidia?" Bibi Veneranda akauliza.

"Walileta chokaa baadaye. Kabla ya hapo ndege ndogo ilikuwa inapita asubuhi. Inashuka hadi tunaona magurudumu. Watoto wakaipungia mikono, tukadhani imetuona, msaada utakuja. Ikawa inapanda na kwenda zake."

Mimi nikatazama maji. Consolata alinitazama.

"Wangu ni mrefu," Bibi Veneranda akasema. "Ana pengo hapa."

"Mama, walipofika kwetu hawakuwa na hapa." Akaufunika mdomo wake kwa kanga, kisha akasema taratibu, "Chagua mmoja. Si wewe wa kwanza. Alikuja baba mmoja, akachagua lile la pembeni, akalia, akanawa mikono ziwani, akaenda na amani. Mimi sitamwambia mtu."

Bibi Veneranda akatembea kati ya matuta. Alipita la kwanza na la pili. Alisimama penye tuta moja refu kuliko mengine, akasimama hapo hadi nikadhani ameamua. Consolata akamsogelea na kibuyu cha maji.

"Hapana," akasema. "Huyu naye ana mama. Akija kesho atamkuta wa nani?"

Akamrudishia Consolata maji yake. Kisha akainama, akaanza kung'oa magugu juu ya tuta lile, na la jirani yake, na lililofuata. Nasi tukainama. Tulipalilia matuta yote siku ile, Ma Adventina akatupikia ndizi, tukarudi nyumbani bila kunawa.

Miaka mingi imepita. Kambi zilifungwa, vilima vimeota tena miti. Watu walirudi makwao, wengine walibaki tukawa majirani. Feresiani hakuja, mkewe hakuja, watoto wake hawakuja. Tuliuliza kwa walioenda na waliotoka. Mji tuliuona hatimaye, mwavokado upo, anaishi mtu mwingine ambaye hajui chochote, au anasema hajui.

Nimewahi kujipigia hesabu, mimi niliyeshindwa hesabu. Nikasema, haya, tuchukue kwamba Kapteni angesema redioni siku ya kwanza. Waliokuwa majini walikuwa wamekwisha, hakuna redio ya kuwafufua. Hilo nalikubali. Lakini mto ule uliendelea kuleta wapya siku kwa siku, na wapya wale, siku tulipoanza kunyamaza, walikuwa bado wanapumua mahali fulani ukingoni. Wamejificha kwenye mtama. Wanangoja. Hapo hesabu yangu hukwama, na hasira huanza upya kana kwamba ni asubuhi ile. Watu wananiuliza, Gunia, wewe mcheshi, hasira ya nini baada ya muda wote huu. Nawaambia kucheka nacheka, ni vitu viwili vinavyokaa nyumba moja.

Bibi Veneranda alifariki mwaka juzi, kwa uzee, kitandani kwake Nyabusozi. Baada ya siku ile alipoingia ndani kwangu hakurudi tena nje ya ua. Tulisalimiana machoni hadi mwisho, na majirani walitusema, tukawaacha waseme.

Katekista alikuja kuandika wasifu wa kusomwa makaburini. Kazaliwa wapi, kabatizwa lini. Akafika kwenye watoto, akasimamisha kalamu.

"Wawili wapo. Huyu Feresiani nimweke wapi? Kwa waliomtangulia, au kwa aliowaacha?"

 Mdogo wa Consolata akatazama paa. Consolata akatazama mikono yake.

"Acha nafasi," akasema. "Baba Adela ndiye atakayesoma. Yeye alikuwa juu."

Kaburini nikasimama na karatasi. Walikuwapo watu wengi, na wengine walikuwa tayari wanatabasamu, wakijua Gunia lazima ataweka kichekesho, maana hata misibani huwa naweka. Nikasoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, nikasoma ndoa. Nikafika kwenye ile nafasi.

"Ameacha watoto wawili," nikasema. "Na Feresiani."

Nikaendelea na wajukuu.

Tukafukia, tukarudi nyumbani. Beseni la maji lilikuwa limewekwa mlangoni, na watu wakapanga foleni. Consolata alikuwa wa kwanza. Kabla hajaingiza mikono aligeuka, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Haya maji ni ya mama peke yake."